Hasira Kwenye Usukani: Mitambo Yaweza Kusaidia, Lakini Breki Ni ya Dereva

Yapata saa kumi na moja na nusu ya jioni, penye taa za Jinja Road hapa Kampala, magari yamesongamana pande zote kama mchwa waliobomolewa kichuguu. Teksi yapenya mahali pasipotosha baiskeli. Boda boda tatu zapita kushoto, nne zapita kulia. Lori moja la kijeshi lililotoka safari ya mbali langoja zamu yake, na dereva wake, aliyeushika usukani tangu alfajiri, atazama mbele bila kupepesa macho. Ghafla gari dogo lamkata mbele. Dereva akanyaga breki kwa nguvu, na askari walioketi nyuma waangukiana.

Katika sekunde tatu zinazofuata, ndugu wasomaji, jambo kubwa huamuliwa. Ama dereva huyo atashusha pumzi na kuendelea na safari yake, ama atalifuata lile gari dogo mpaka amfikie mwenyewe. Akichagua la kwanza, hakuna atakayekumbuka tukio hilo kesho. Akichagua la pili, huenda kesho likaandikwa katika kitabu cha kituo cha polisi, au katika daftari la hospitali.

Makala yetu ya leo yahusu sekunde tatu hizo. Wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakitafuta mitambo ya kumsaidia dereva kuitambua hasira yake na kuituliza kabla haijamshinda. Tumeona inafaa kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi habari hizo, kwa kuwa wao huendesha magari makubwa, kwa saa nyingi, wakiwa na haraka ya amri, na mara nyingi wakiwa na silaha karibu nao. Hasira ya mtu wa namna hiyo si jambo la kufanyiwa mzaha.

Hesabu yenyewe yatisha. Taarifa ya Polisi ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba watu 5,144 walipoteza maisha katika ajali za barabarani hapa Uganda, ilhali mwaka 2023 walikuwa 4,806. Miongoni mwa sababu zinazotajwa kila mwaka ni uzembe wa madereva na kuyapita magari mengine pasipo hadhari. Lakini ni nani kati yetu asiyejua kwamba aghalabu dereva aliyelipita gari jingine penye kona hakuwa mzembe tu, bali alikuwa na hasira ya kucheleweshwa?

HASIRA NI KITU GANI?

Wahenga walisema hasira hasara. Hata hivyo, hasira haikuumbwa bure. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Walter Cannon, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1915 kwamba mnyama au mtu anapotishwa, mwili wake hujiandaa kupigana au kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini. Moyo huenda mbio. Damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa. Pumzi huwa fupi. Viganja hutoa jasho. Maandalizi hayo ni mema kwa mtu anayekabiliwa na simba. Kwa mtu aliyekaa kitini, mguu wake ukiwa juu ya mafuta na tani kumi za chuma zikimtii, maandalizi hayo ni hatari, kwani nguvu zimekuja na hakuna pa kuzitumia ila kwenye honi na usukani.

Mwaka 1994 Jerry Deffenbacher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walitunga kipimo cha hasira ya madereva. Waliyagawa mambo yanayowaudhi katika mafungu sita: ishara za matusi, madereva wavunja sheria, mwendo wa polepole wa walio mbele, ukosefu wa adabu, vizuizi vya barabarani, na fungu la sita ni kuwapo kwa polisi. Naam, polisi! Yafaa askari wetu wa trafiki wasome fungu hilo mara mbili. Si kwamba polisi aondoke barabarani, la, hasha. Maana yake ni kwamba dereva anayesimamishwa huwa tayari ameanza kuchemka kabla askari hajafungua kinywa, na neno la kwanza la askari huyo laweza kuzima moto au kuumwagia petroli.

Jaribio jingine la Marekani, lililochapishwa mwaka 1968 na Anthony Doob na Alan Gross, latufundisha jambo la aibu kidogo. Gari lilisimamishwa makusudi kwenye taa, na taa ilipogeuka kijani halikuondoka mara moja. Lilipokuwa gari kuukuu, madereva 84 kati ya kila 100 waliokuwa nyuma yake walipiga honi. Lilipokuwa gari jipya la kitajiri, waliopiga honi walikuwa 50 tu kati ya 100. Hivyo basi hasira, ambayo twapenda kusema kwamba haina macho, kumbe ina macho ya kutosha kumtambua mkubwa na mdogo. Dereva huyu anayemnyamazia mwenye gari la fahari ndiye huyo anayemfokea mwendesha boda boda hatua mia mbele. Nasi twaongeza kwamba gari la jeshi au la polisi ni gari ambalo raia wachache huthubutu kulipigia honi. Basi anayeliendesha asidhani kwamba ukimya wa watu ni ushahidi kuwa anaendesha vizuri.

Na joto je? Mwaka 1986 ilichapishwa taarifa ya jaribio la mji wa Phoenix, katika jangwa la Arizona. Kadiri joto lilivyopanda ndivyo honi zilivyozidi, hasa kutoka kwa madereva waliokuwa wamefungua madirisha kwa kukosa kiyoyozi. Kila aliyewahi kuendesha lori la zamani saa saba za mchana katika barabara ya kwenda Gulu hatahitaji taarifa hiyo imsadikishe.

MITAMBO INAYOPIMA

Kwa kuwa hasira huonekana mwilini, wataalamu waliona kwamba yaweza kupimwa. Jennifer Healey na Rosalind Picard wa chuo cha MIT walichapisha mwaka 2005 matokeo ya safari 24 zilizofanywa katika barabara za Boston na viunga vyake, kila moja ikichukua si chini ya dakika 50. Madereva walifungwa vyombo vidogo vya kupima mapigo ya moyo, pumzi, mkazo wa misuli na jasho la ngozi. Vyombo hivyo viliweza kutofautisha viwango vitatu vya msongo wa dereva kwa usahihi uliozidi asilimia 97. Jasho la ngozi na mapigo ya moyo ndiyo yaliyotoa habari bora kuliko yote. Yakumbukwe kwamba walichopima ni msongo, wala si hasira peke yake. Lakini msongo ndio kuni, na hasira ndiyo moto.

Siku hizi chombo cha namna hiyo hakihitaji maabara. Saa nyingi za mkononi zinazouzwa madukani huhesabu mapigo ya moyo kwa mwanga mdogo unaomulika ngozi. Tulizungumza na sajini mmoja, dereva wa miaka mingi, ambaye hatutamtaja jina. Mpwa wake alimpa saa ya aina hiyo, naye akaivaa kama pambo tu.

"Afande," tulimwuliza, "saa hiyo imekufaa nini barabarani?"

Akacheka. "Mimi nilikuwa nikiwaambia vijana kwamba sina hasira. Saa ikaniumbua. Kwa kawaida moyo wangu hupiga sabini na kitu kwa dakika. Siku moja njia ya Masaka, teksi ikanibana mpaka nikatoka lami. Sikupiga honi, sikutukana mtu, nikajisifu kwamba nimetulia. Baada ya mwendo kidogo nikatazama mkono: 122! Nami nimekaa kitini, sikukimbia wala sikubeba mzigo. Nikajua kwamba kinachokimbia ndani yangu ni ile teksi."

"Ukafanya nini?"

"Nikasimama Lukaya, nikanunua maji, nikanywa. Sikusema neno. Mpaka iliposhuka."

Huo, kwa maoni yetu, ndio msaada wa kwanza wa mtambo: si kumtuliza mtu, bali kumwambia ukweli ambao yeye mwenyewe anajificha.

Wako pia waliojaribu kuisoma hasira usoni. Kampuni ya Affectiva, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Rosalind Picard pamoja na Rana el Kaliouby, ilitoa mwaka 2018 mtambo wa magari unaotumia kamera na akili bandia kutazama uso wa dereva na kusikiliza sauti yake. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilinunuliwa na Smart Eye ya Sweden. Hapa sisi twasita kidogo. Uso si moyo. Askari amefundishwa tangu gwaride la kwanza asionyeshe usoni yaliyomo ndani. Kamera itasoma nini? Tena, mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba mitambo iliyouzwa wakati huo kwa ajili ya kutambua kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke ilikosea hadi mara 34.7 kati ya 100 ilipotazama wanawake wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wanaume weupe ilikosea chini ya mara moja kati ya 100. Mtambo ambao haukufundishwa kwa nyuso zetu hauwezi kupewa haki ya kutuhukumu kwa nyuso zetu.

MITAMBO INAYOTULIZA

Kujua kwamba umekasirika ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kutulia. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Pablo Paredes na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio la watu 24 waliokaa katika chumba chenye gari la kuigiza. Kiti kiliwatikisa taratibu mgongoni kwa mfululizo, kikiwaongoza wavute na kutoa pumzi polepole. Wakati mwingine sauti iliwaongoza badala ya kiti. Njia zote mbili zilipunguza kasi ya pumzi bila kuharibu uendeshaji. Lakini watu 19 kati ya 24 walipendelea kiti kuliko sauti, kwa kuwa hakikuwasumbua. Si ajabu. Mtu aliyekasirika hapendi kusemeshwa.

Na akisemeshwa, asemeshweje? Marehemu Clifford Nass, wa chuo hicho hicho, alishiriki katika jaribio la mwaka 2005 lililowaweka madereva wenye furaha na wenye uchungu katika gari la kuigiza linalozungumza. Wenye furaha waliendesha vizuri zaidi gari liliposema kwa uchangamfu. Wenye uchungu waliposemeshwa kwa uchangamfu huo huo walipata ajali nyingi zaidi. Waliposemeshwa kwa sauti ya chini na ya utulivu waliendesha vizuri zaidi. Twawaomba wakuu wa vikosi waupokee ujumbe huo, kwani hauhitaji mtambo wowote. Ofisa anayemwita dereva kwa redio na kumfokea, "Uko wapi mpaka sasa?" anaweka mkono wake katika usukani asiouona.

MITAMBO INAYOZUIA

Iko mitambo isiyojali hasira ya dereva hata kidogo. Huzuia madhara yake tu. Wazee wetu wanakumbuka jinsi waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, alivyoamrisha matatu zote zifungwe vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa pamoja na mikanda, amri iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu mwezi Februari mwaka 2004. Nchini Tanzania mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, huyafuatilia mabasi ya safari ndefu kwa chombo kinachotuma habari za mwendo wake na mahali yalipo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa lapaswa kuwa na chombo kinachomwonya dereva anapozidisha mwendo ulioruhusiwa.

Magari hayo yatatufikia. Sheria yetu iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza umri wa miaka 15, na mengi yanayoingia yametumika kwanza Japani. Kwa hiyo kinachofungwa leo katika magari ya Tokyo kitakuwa Kampala baada ya miaka michache, pengine kikituonya kwa Kijapani, kama zifanyavyo redio za magari yetu hivi sasa.

Lakini chombo cha kuzuia kikiletwa bila maelezo huzaa hasira mpya. Mwezi Juni mwaka 2025 ulianza hapa nchini mpango wa kutoza faini kwa kutumia kamera. Malalamiko ya madereva yakawa makubwa, na katika mwezi huo huo mpango ukasimamishwa ili utazamwe upya. Hatusemi kwamba kamera ni mbaya. Kamera haiombi kitu kidogo wala haijui jina la mjomba wa mtu. Twasema kwamba dereva anayeadhibiwa na kitu asichokielewa huitoa hasira yake kwa mtu anayemwona, na mtu huyo, mara nyingi, ni askari mwenye sare nyeupe aliyesimama juani.

KARATASI ILIYOSHINDA MITAMBO

Sasa twaja kwenye chombo kilicho rahisi kuliko vyote. Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika karatasi zenye picha na maneno makali ndani ya matatu za safari ndefu nchini Kenya. Karatasi hizo ziliwahimiza abiria wasinyamaze dereva anapoendesha vibaya, bali wapaze sauti. Madai ya bima kutoka magari yaliyobandikwa yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi, la matatu zipatazo 12,000, lilichapishwa mwaka 2015, na likaonyesha kupungua kwa ajali kwa robo hadi theluthi. Kampeni hiyo Wakenya waliiita Zusha.

Karatasi hiyo haina betri wala kamera. Nguvu yake ni kwamba iliwapa abiria ruhusa ya kusema. Na hapa ndipo penye swali gumu kwa wasomaji wetu. Ndani ya matatu abiria aweza kusema, kwa kuwa amelipa nauli. Je, ndani ya lori la jeshi? Kijana aliyemaliza mafunzo mwezi uliopita aweza kumwambia kopro aliyeshika usukani, "Afande, tafadhali punguza mwendo"? Wengi wetu twajua jibu. Adabu ya jeshi ni nguzo, wala hatutaki kuitikisa. Lakini adabu haikukusudiwa kuwafanya watu ishirini wanyamaze huku mmoja aliyeghadhibika akiwapeleka mtoni. Mkuu wa kikosi aweza kulimaliza jambo hilo kwa amri moja fupi kabla ya safari: kwamba katika gari hili, neno "punguza" laweza kusemwa na yeyote, wala asiyelisema asihesabiwe kuwa ndiye mwenye nidhamu.

HADHARI ZETU

Tumezisifu baadhi ya zana hizi. Sasa tuseme na ubaya wake. Kwanza, chombo chenye kioo cha kutazama chaweza kumwondoa dereva macho barabarani, nacho kikawa chanzo cha ajali kilichokuja kuizuia. Mtambo mwema hutetemeka au hulia kidogo, kisha hunyamaza.

Pili, habari za mapigo ya moyo wa mtu ni siri ya mwili wake. Ikiwa siku moja madereva wa vikosi watavishwa saa hizo, yapasa ijulikane tangu mwanzo nani atazisoma habari hizo na kwa sababu gani. Dereva akiogopa kwamba moyo wake utamshitaki kwa mkuu wake, ataivua saa na kuifunga kwenye lever ya gia, na wote watakuwa wamejidanganya.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mtambo hauondoi sababu za hasira. Dereva aliyelala saa mbili, asiyekula, aliyeambiwa afike Mbarara kwa muda usiowezekana, atakasirika hata akikalia kiti cha Stanford. Ratiba ya haki na usingizi wa kutosha ni mitambo ya kale ambayo haijapata mshindani.

LA KUFANYA LEO

Mpaka zana hizo zitakapotufikia, dereva wetu ana vyombo alivyozaliwa navyo. Anapohisi vidole vimeukaza usukani na taya zimefungana, hiyo ndiyo saa yake ya mkononi imelia. Na avute pumzi polepole, kiasi cha pumzi sita kwa dakika, huku akiitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Asidhani kwamba kupiga honi na kutukana kutampunguzia. Jaribio la Brad Bushman lililochapishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba waliopewa nafasi ya kupiga mfuko wa ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walizidi kukasirika, na wale waliokaa kimya tu ndio waliotulia zaidi. Simu na iwekwe mbali. Silaha na ibaki pale kanuni inapoagiza, na dereva aliyekasirika asishuke garini kumfuata mtu, hata awe amekosewa namna gani. Namba ya gari laweza kuandikwa, na sheria ikafuata njia yake. Risasi haiandikwi ikafutwa.

Turudi basi Jinja Road. Taa imegeuka kijani. Lile gari dogo limekwisha kwenda zake, na huenda aliyeliendesha hakujua hata kidogo kwamba alimkata mtu. Dereva wa lori amelegeza vidole vyake kwenye usukani. Ameuliza kwa sauti, bila kugeuka, "Nyuma huko, mko salama?" Sauti ishirini zimejibu kwamba wako salama. Naye ametia gia ya kwanza, akaondoka taratibu kuwarudisha kambini.